Kuoka Bata Mzinga kwa Jiko la Makaa

Karibuni katika somo letu la kusoma na kuhesabu. Fuateni maandishi kwa kidole huku mkinisikiliza. Nitakwenda polepole, na mahali penye hesabu nitanyamaza kidogo ili mpate kuandika.

Nilipozuru darasa moja, mama mmoja aliniuliza hivi: "Bwana Afisa, nimefuga bata mzinga tangu yu kifaranga. Sikukuu ya Krismasi nataka kumpika mzima, aingie mezani mzima, kama nilivyoona katika kalenda. Lakini sina oveni, nina jiko la makaa tu. Nifanyeje?" Nilimwahidi kujibu redioni, na leo natimiza ahadi.

Kwanza tumjue ndege mwenyewe. Jina lake ni bata, lakini si bata. Ni jamaa wa kuku na kanga. Asili yake ni Amerika. Watu wa Meksiko walimfuga kabla Wazungu hawajafika huko, kisha Wahispania wakamleta Ulaya katika karne ya 16. Waingereza nao wamempa jina la nchi ya Uturuki, ingawa hakutoka huko! Basi tumwache na majina yake, tuendelee na kazi.

Andikeni maneno manne: kuchoma, kubanika, kuoka, kupalia. Kuchoma ni kuiweka nyama motoni. Kubanika ni kuiweka karibu na moto, pengine juu ya vijiti, iive na kukauka. Kuoka ni kuizungushia nyama joto pande zote, kama mkate ndani ya tanuri. Na kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko. Wanawake wa pwani wameoka mikate kwa kupalia tangu zamani, bila oveni. Kwa hiyo jibu la yule mama ni fupi: sufuria kubwa yenye moto chini na moto juu ndiyo oveni yako.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikuwa mmoja wao. Krismasi ya kwanza baada ya arusi yangu niliwaalika wakwe zangu. Nilitaka kuwaonyesha kwamba nyumba yangu ina adabu na chakula. Nikampika bata mzinga kwa moto mkali, na baada ya saa mbili ngozi ikawa nyekundu ya kupendeza, inang'aa kwa mafuta. Nikamtoa. Baba mkwe akapewa kisu, akakata paja, na damu ikatiririka sahanini. Hakusema neno. Mama mkwe aliinuka, akamchukua yule ndege jikoni, akamkatakata vipande, akamtia sufuriani pamoja na nyanya na vitunguu. Tulikula saa kumi na moja jioni. Mpaka leo watoto wa nyumba ile wakiniona huuliza kama chakula kimeiva.

Mama mkwe alinitoa katika aibu, lakini zaidi ya aibu kulikuwa na hatari. Nyama mbichi ya ndege huweza kuwa na vijidudu viitwavyo salmonela. Huleta homa, kutapika na kuharisha, na mtoto mdogo au mzee aweza kuzidiwa kabisa. Vijidudu hivyo hufa kwa joto, lakini lazima joto lifike ndani, penye mfupa wa paja. Moto mkali huunguza ngozi kabla ya kufika huko.

Kama una jokofu, mchinje ndege siku moja kabla, umpake chumvi, umweke humo. Kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo chatosha. Kama huna, mchinje alfajiri ya siku ile ile na umpike mara moja. Usimlaze nje usiku kucha. Maji ya kumnyonyolea yawe ya moto sana lakini yasichemke, la sivyo ngozi itachanika. Toa matumbo yote, na mfuko wa chakula ulio shingoni, ambao watu husahau. Msafishe damu taratibu ndani ya beseni, maji yasiruke ovyo. Na kisu kile na ubao ule visikate kachumbari mpaka vimeoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Aliyenunua wa barafu amyeyushe ndani ya jokofu, siku moja kwa kila kilo 2. Kumwanika juani si kumyeyusha, ni kuwalisha vijidudu.

Saga kitunguu saumu, tangawizi na pilipili manga, changanya na ndimu na samli au mafuta, umpake nje na ndani. Wengine hupenda kumjaza wali tumboni. Mimi sipendi, kwa sababu wali huzuia joto lisifike ndani. Upikeni mbali. Mfunge miguu kwa uzi mnene wa pamba, kunja mabawa nyuma ya mgongo.

Jiko liwe uani au penye hewa nyingi, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu ndani ya chumba kilichofungwa. Panga vitunguu vilivyokatwa vinene chini ya sufuria, mlaze ndege juu yake, kifua juu, utie vikombe viwili vya maji. Funika kwa kifuniko kizito au sinia isiyo na tundu. Moto wa chini uwe wa kiasi. Juu palia makaa machache tu. Kila nusu saa funua, umwagie mchuzi wake kwa upawa, na maji yakikauka ongeza kidogo. Jihadhari unapofunua! Ondoa makaa kwanza kwa koleo, pangusa majivu, ndipo uinue kifuniko. Nimekwisha kula bata mzinga wa majivu, na sikumaliza.

Ikibaki nusu saa, geuza mambo: punguza makaa ya chini, zidisha ya juu. Hapo ndipo ngozi hupata rangi. Rangi huja mwisho, wala isikuambie kwamba nyama imeiva.

Basi nani atakuambia? Mwenye kipimajoto cha nyama akichome katikati ya paja, kisiguse mfupa, kisha apime na kifua. Kikisoma digrii 74 kote, ndege ameiva. Asiye nacho autikise mguu: ulegee kwenye kiungo. Achome paja kwa kisu: maji yatoke meupe, yasiwe na wekundu. Walakini maji yaweza kudanganya, kwa hiyo pasua kidogo pale paja linapoungana na mwili, utazame. Ukiona nyama inafanana na mbichi, rudisha motoni. Wageni watauona mkato ule. Si kitu, waone.

Sasa hesabu. Ndege aliyesafishwa wa kilo 5 hutosha watu 10, kila mtu nusu kilo pamoja na mifupa. Mpe saa 4 motoni. Akitoka apumzike nusu saa kabla ya kukatwa, ili maji yake yasimwagike. Ongeza saa 1 ya akiba, kwa sababu makaa hayafuati saa ya ukutani. Kuwasha makaa ni nusu saa. Wageni wanakula saa 8 mchana. Utawasha moto saa ngapi? Andikeni.

(Kimya kwa dakika mbili.)

Tuhesabu pamoja. Kutoka saa 8 ondoa nusu: saa 7 na nusu. Ondoa 4: saa 3 na nusu. Ondoa 1: saa 2 na nusu. Ondoa nusu: saa 2 kamili asubuhi. Aliyeandika saa 6 atawalaza wageni na njaa.

Zoezi la nyumbani: ndege wa kilo 3 anahitaji saa 3 motoni. Mapumziko, akiba na kuwasha makaa ni vile vile. Wageni wanakula saa 10 jioni. Watakula watu wangapi, na moto uwashwe saa ngapi? Walimu watasahihisha. Juma lijalo leteni daftari zenu. Tutapiga hesabu ya gharama ya kumlisha bata mzinga tangu kifaranga, na yule mama ameahidi kutuletea daftari yake ya matumizi. Kwaherini.