Chuma: Kutoka Tanuri la Ruiru Hadi Ndani ya Damu Yako



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu yangu, dada yangu, leo tuzungumze juu ya chuma. Usishangae. Qur'ani ina sura nzima, ya 57, inayoitwa Al-Hadid, yaani Chuma. Aya yake ya 25 inataja mizani ili watu wasimamishe uadilifu, kisha inataja chuma, nguvu zake na manufaa yake kwa watu. Chuma na mizani pamoja. Shika hayo mawili, maanake tutayahitaji.

Tuanze hapa kwetu. Ruiru kuna kiwanda cha Devki, na Thika pia kuna viwanda vya nondo na waya. Chuma kingi kinachoyeyushwa Kenya hakitoki mgodini, ni chuma chakavu: gari bovu, mabati yaliyotoboka, jembe lililoisha. Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,538 za Selsiasi. Kikishakuwa uji kwenye tanuri la umeme, mafundi hupima kilichomo, wanakimimina kiwe vipande virefu, halafu kingali chekundu kinapitishwa kati ya magurudumu mazito mpaka kiwe nondo. Siri ya chuma cha pua ni kaboni kidogo, chini ya asilimia 2. Ikizidi, chuma kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama chungu.

Na kile cha mgodini je? Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni, kama ilivyo kutu. Makaa yakiwaka humo huinyang'anya ile oksijeni, chuma kikabaki. Elimu hii si ngeni kwetu. Wahunzi wa Kikuyu walikusanya mchanga mweusi wa mitoni na kuuyeyusha kwa makaa na mivukuto. Huko pwani, mwanajiografia Al-Idrisi aliandika mwaka 1154 kwamba watu wa Malindi walikuwa na migodi ya chuma na kukifanyia biashara.

Sasa tuje kwenye mizani. Vijana wengi mtaani wanaokota vyuma na kuviuza kwa kilo. Hiyo ni kazi ya halali, na asikudharau mtu. Lakini si kila chuma ni chakavu. Kile kizuizi cha kando ya barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, kimewekwa gari lisitumbukie. Kifuniko cha mtaro kinamlinda mtoto anayekwenda madrasa alfajiri. Januari 2022 minara ya umeme ilianguka na nchi ikaingia gizani. Serikali ikasema vyuma vya minara viliibwa, na biashara ya chuma chakavu ikapigwa marufuku kwa miezi kadhaa. Waliokosa riziki wengi wao hawakuiba hata msumari. Sheria ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni na aandike anayemuuzia ni nani. Basi wewe unayeuza, jiulize kilitoka wapi. Na wewe unayenunua, usichezee mizani. Utafuturu kwa pesa gani?

Chuma hichohicho kimo mwilini mwako. Mtu mzima ana kama gramu 3 au 4 tu, uzito wa misumari michache. Zaidi ya nusu imo kwenye hemoglobini, inayobeba oksijeni katika chembechembe nyekundu za damu. Kikipungua, mtu anachoka ovyo, anahema akipanda ngazi, kichwa kinazunguka. Wanaoumia zaidi ni wasichana waliobaleghe, akina mama wajawazito na watoto wadogo. Binti akisinzia darasani, usikimbilie kusema ni mvivu; mpeleke akapimwe damu.

Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaotoka viwandani uongezwe madini ya chuma. Kliniki za wajawazito nazo hutoa vidonge vya chuma. Dada, vimeze kama ulivyoelekezwa, na uviweke mbali na watoto, kwani vingi kwa mpigo ni sumu kwao. Na mjamzito mwenye damu kidogo asijilazimishe saumu akajidhuru. Dini imempa ruhusa. Amwone daktari, na amwulize sheikh.

Tatizo lingine liko kwenye meza yetu ya futari. Tunakula maharagwe, ndengu na mchicha, vyote vina chuma, halafu tunashushia kikombe kikubwa cha chai. Majani ya chai huzuia mwili kufyonza chuma hicho. Iache chai mpaka baada ya taraweh. Badala yake kula chungwa, au nanasi. Si liko tele hapa Thika? Vitamini C husaidia chuma kuingia mwilini. Nyama na samaki nao, hata kidogo, chuma chao hufyonzwa kwa wepesi zaidi.

Basi usiku wa leo fanya mawili: sogeza birika kando ya futari, na ukiwa na chuma cha kuuza, hakikisha ni chako. Allah atujaalie miili yenye nguvu na riziki iliyo safi, na azitakabali saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.