Vidole Viwili vya Mwenda wa Bayeke
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Tabora)



 Wengi wenu mtakumbuka barua iliyosomwa katika mkutano uliopita, barua ya vijana wetu makarani, walioomba kwamba lile gitaa la Chama lililotundikwa ukutani miaka mingi literemshwe, litengenezwe, nao wapewe ruhusa ya kulipiga siku za Jumamosi. Mtakumbuka pia majibu waliyopata. Wazee wetu watatu walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba gitaa ni chombo cha vilabu vya pombe, tena ni chombo cha kigeni, na kwamba Chama cha watu wa ofisini hakikuundwa kwa ajili ya kelele. Halmashauri haikukata shauri, bali ilituagiza sisi tuseme neno. Tumeona vema tusishindane na wazee kwa hoja tupu. Tutaeleza habari za mtu mmoja na namna alivyopiga, kisha kila mwanachama apime mwenyewe.

Mtu huyo ni Mwenda Jean Bosco, ambaye watu wa Katanga walimjua pia kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa mwaka 1930 katika mji wa Bunkeya, nchi ya Katanga, wakati ilipokuwa Kongo ya Wabelgiji.

Mzee mmoja atauliza, Bunkeya yatuhusu nini sisi wa Tabora? Yatuhusu sana. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo haikukoma hapa kwetu. Ilifika Unyanyembe ikagawanyika: mkono mmoja ukaenda Ujiji, mwingine ukaelekea Karagwe na Buganda, na mwingine tena ukashuka kusini ya magharibi mpaka kwenye shaba na pembe za Katanga. Katika njia hiyo ya shaba walipita wafanya biashara wa Usumbwa na Unyamwezi. Mmoja wao alikuwa Ngelengwa mwana wa Kalasa, aliyekwenda kukaa huko kiasi cha mwaka 1856, akapata nguvu, akatawala nchi iliyoitwa Garenganze, na jina lake likavuma kuwa Msiri. Mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya. Aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891, katika siku za ule msafara wa Kapteni Stairs. Watu wake waliitwa Wayeke, au Bayeke kwa lugha yao. Na katika majina ya mfalme huyo mlikuwamo jina la Mwenda.

Basi mpiga gitaa tunayemsema alibeba jina lililopita katika njia hii hii, ambayo miembe yake mingine bado twaketi chini ya kivuli chake. Walakini tusijisifu kupita kiasi. Tumekwisha kusikia watu wa baraza za hapa mjini wakisema ati muziki wa Mwenda ni wa Kinyamwezi. Sivyo. Babu zake walitoka upande wetu, lakini vidole vyake vilijifunza Katanga, katika miji ya migodi, walikokutana watu wa makabila mengi, kila mmoja na nyimbo zake, na santuri za Kuba na za Marekani zikilia madukani. Kitu kimoja njia ilichochangia waziwazi ni lugha. Kiswahili kilikwisha kufika huko kwa misafara kabla ya reli na migodi, na Mwenda aliimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho mtu wa Tabora hukisikia kama sauti ya ndugu aliyekaa ugenini muda mrefu.

Mwaka 1952 alifika katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, Mwingereza mmoja jina lake Hugh Tracey, aliyekaa Afrika ya Kusini akizunguka nchi nyingi na chombo cha kunasia sauti. Alimnasa kijana huyu mwenye umri wa miaka 22, naye akampigia wimbo uitwao Masanga. Santuri yake ilitoka kwa jina la Gallotone, ikapata tuzo ya Osborn kwa muziki wa Kiafrika wa mwaka huo, ikaenea Afrika ya Mashariki, ya Kati na ya Kusini. Watu waliisikiliza wakageuza sahani kutazama nyuma, wakitafuta jina la mpigaji wa pili.

Mpigaji wa pili hakuwapo.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana watu humsifu Mwenda kwa wepesi wa mkono, nasi twaona kwamba wepesi ndio jambo dogo katika mambo yake. Mkono wake wa kuume ulipiga kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada. Gumba lilipewa nyuzi nene za juu, na shahada ikapewa nyuzi nyembamba za chini. Vidole vingine vitatu havikuwa na kazi. Gumba halikimbii. Linakwenda kama mpagazi mwenye mzigo wa ratili 60 begani, hatua baada ya hatua, wala halijali yanayotendeka mbele. Kidole cha shahada ndicho chenye maneno. Lakini hakisemi gumba linapokanyaga. Mara nyingi hungoja mpaka hatua imekwisha kushuka, ndipo kinaingia katika nafasi iliyobaki kati ya hatua na hatua, au hutangulia kidogo, kikarudi, kikasimama. Kwa hiyo sikio hupata safari mbili kwa wakati mmoja. Hata sauti yake ya kuimba inapoingia, haifuati kidole wala gumba, bali hushika njia yake ya tatu, na gitaa halinyamazi ili kuipisha.

Tujaribu jambo moja sasa hivi, Bwana Mwenyekiti akituruhusu. Kila mmoja apige meza kwa gumba la mkono wa kuume, polepole, sawasawa. Vema. Sasa, bila kusimamisha gumba, apige kwa kidole cha shahada mara tatu katika nafasi ya mara mbili za gumba. (Hapa wanachama walijaribu, pakawa na kicheko.) Mnaona wenyewe. Gumba limegeuka mtumwa wa shahada, linakimbilia popote shahada inapokwenda. Mwenda aliweza kuzuia jambo hilo kwa dakika tatu nzima, huku akiimba.

Vifaa vyake na vya wenziwe wa Katanga vilikuwa vichache. Gitaa la mbao lisilo na umeme. Mpigaji alipotaka kupandisha sauti ya gitaa zima ili ilingane na koo lake, alichukua kalamu ya risasi, akailaza kuvuka shingo ya gitaa juu ya nyuzi, akaifunga kwa kamba. Mwenziwe, kama alikuwapo, aligonga chupa tupu. Twapenda habari ya kalamu hiyo kuliko zote, kwa kuwa ni chombo chetu sisi, nasi hatukuwahi kufikiri kwamba ina kazi nyingine isipokuwa kujaza daftari.

Na tukiri jambo. Sisi wenyewe tulipokuwa makarani wapya tulinunua gitaa kwa mshahara wa miezi miwili. Tulijifunza Masanga kwa kusikiliza, tukiirudisha sindano ya gramafoni nyuma mpaka santuri ikaanza kukwaruza. Kalamu ya kufungia shingo tuliitoa katika stoo ya ofisi, na hiyo twaiomba radhi. Siku moja mkubwa wetu wa kazi alipita nyumbani kwetu jioni akatukuta barazani na gitaa magotini. Hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba karani mwenye gitaa hawezi kuaminiwa ufunguo wa sanduku la fedha. Juma lile lile tuliliuza kwa nusu ya bei. Mzee yule hakuwa mtu mbaya, wala hatumtaji. Lakini ufunguo wa sanduku tulipewa baada ya miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa tungaliweza kujifunza mengi. Leo gumba letu halitii tena, tumejaribu.

Kosa letu jingine halikuwa la mkubwa yeyote, lilikuwa letu. Tulidhani kujifunza kwa Mwenda ni kufanya nakala. Na tungedhanije vinginevyo? Kazi yetu mchana kutwa ilikuwa nakala: barua moja, nakala tatu, na nakala ikipungua nukta moja yarudishwa. Basi tuliinakili Masanga ya santuri ile nukta kwa nukta, tukafurahi. Baadaye tukasikia Mwenda mwenyewe akiipiga katika santuri za miaka ya mbele, na haikuwa ile. Sauti ya msingi ni ile ile, gumba ni lile lile, lakini maneno ya kidole cha shahada yamebadilika. Kifungu kimoja kimerefushwa, kingine kimegeuzwa chini juu, kingine kimeachwa. Mtaalamu mmoja, David Rycroft, alipata taabu ya kuandika upigaji wake kwa nota katika jarida la African Music la mwaka 1961 na 1962, na jambo alilolionyesha ni hilo hilo: mtu huyu hubuni palepale, akichukua kifungu kidogo na kukigeuza kila kinaporudi. Ndiyo kusema, tulinakili barua ambayo mwandishi wake hakuisaini kamwe.

Mengine ya maisha yake tutayapita upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Nairobi akakaa huko kwa muda, akasikika katika redio, na wapigaji wengi wa Kenya wakachukua kwake ule upigaji wa vidole viwili. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport kule Marekani. Mwaka 1988 alifika Cape Town akanaswa tena. Mwezi Septemba mwaka 1990 alifariki katika ajali ya motokaa nchini Zambia.

Wazee watasema, hayo ni ya Katanga na Nairobi, lakini Tabora je? Tabora haikukaa kimya. Mji huu ulitoa Kiko Kids, ambao Salum Zahoro aliwaongoza tangu miaka ya 1950, na ukatoa Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz. Mabwana hao walipiga magitaa ya umeme, wakagawana kazi: mmoja akashika nyuzi nene, wa pili akajaza katikati, wa tatu akasema mbele. Sikilizeni kwa makini namna magitaa matatu ya dansi yanavyopokezana, kila moja likiingia katika nafasi ambayo jingine limeiacha. Hatusemi kwamba Tabora iliiga Jadotville. Vilabu vilikuwa na walimu wengi, na santuri za Kuba zilifika pande zote mbili. Twasema tu kwamba mtu aliyekwisha kumsikiliza Mwenda huyasikia magitaa yale matatu vizuri zaidi, kwa sababu amekwisha kuyasikia yakiwa ndani ya mkono mmoja. Na Salum Zahoro, ambaye wazee wetu walimcheza katika ujana wao (hatutataja nani alicheza na nani), alikuwa bado akipiga katika miaka ya 1990, pamoja na wazee wenziwe wa Shikamoo Jazz kule Dar es Salaam. Kama gitaa lingekuwa la wahuni tu, lisingemfikisha mtu uzeeni na heshima yake mkononi.

Ama kuhusu ugeni wa chombo, tumwulize mzee aliyesema: reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ilitoka wapi? Na mashine hii ya stensili itakayochapa maneno haya? Na suti aliyoivaa?

Juu ya pombe hatuna la kusema, maana twajua kwamba katika chumba cha Chama huingia chupa hata pasipo gitaa.

Kwa hiyo twatoa shauri, nalo liandikwe katika kumbukumbu. Gitaa literemshwe. Tumelitazama: ubao ni mzima, shingo haijapinda, ila uzi wa sita umekatika na wa tatu una kutu. Nyuzi mpya tutazinunua sisi wenyewe, wala hazina ya Chama haitaguswa. Kijana mmoja anazo sauti za Mwenda katika simu yake, naye atazileta. Kwa juma la kwanza asiruhusiwe mtu kupiga wimbo wowote, bali gumba peke yake, polepole, mpaka lizoee kutembea bila kutazama kidole cha shahada kiko wapi. Wakutane Jumamosi saa kumi alasiri, na kila mmoja aje na kalamu yake ya risasi, aliyoinunua dukani.