Blackpool, mji wa likizo ya mfanyakazi

Msikilizaji, treni ya kwenda Blackpool, mji wa pwani huko Uingereza, ikiwa bado mashambani, abiria huanza kuchungulia dirishani wakiutafuta mnara. Una urefu wa mita 158, na ulifunguliwa mwaka 1894, miaka mitano baada ya ule wa Eiffel uliowapa wajenzi wake wazo. Nakusihi usiishie kuutazama kwa nje. Chini yake kuna ukumbi wa dansi. Dari limechorwa picha, roshani zimenakshiwa kwa dhahabu, kinanda kikubwa kinanguruma, na wazee wanazunguka sakafuni mchana kweupe. Fahari yote ile waliwekewa watu wa viwandani.

Reli ilifika Blackpool mwaka 1846. Miji ya viwanda vya nguo ya jimbo la Lancashire kila mmoja ulikuwa na wiki yake ya kiangazi: mashine zinazimwa, dohani hazitoi moshi, na mtaa mzima unapanda treni kwenda pwani, jirani na jirani yake. Wiki hizo zilipishana, kwa hiyo Blackpool ilijaa msimu mzima. Kwa miaka mingi wiki ile haikuwa na mshahara. Watu walidunduliza mwaka mzima ili waione bahari, na sheria ya likizo yenye malipo ilikuja mwaka 1938 tu. Afrika Mashariki nayo imo katika habari hii, maana pamba ya wakulima wa Uganda ilifika kwenye viwanda vya Lancashire.

Baadaye viwanda vikafungwa, na ndege za bei nafuu zikawachukua watu kwenda kwenye jua la Hispania. Nyumba nyingi za wageni zikagawanywa kuwa vyumba vya kupanga vya bei ya chini. Leo Blackpool ni miongoni mwa sehemu maskini kabisa za Uingereza, na wanaume wake wanakufa mapema kuliko wa karibu kila mahali nchini humo. Huo nao ndio mji wenyewe. Anayepiga picha ya mnara, akala samaki na chipsi, akarudi Manchester jioni, ameona nusu yake.

Hata hivyo, kuna vitu ambavyo umaskini haujaviondoa. Maji yakipwa, mchanga unaenda mbali sana, na hakuna anayekudai kiingilio. Punda wanaobeba watoto ufukweni hupumzika Ijumaa, kwa masharti ya mji. Na tangu mwaka 1879, walipowasha taa 8 za umeme watu wakashangaa, mji huu umejenga desturi ya kuangaza pwani yake wakati majira ya baridi yakikaribia. Siku hizi taa hizo hufika kilomita 10 hivi, na kuzitazama ni bure.

Basi ukipata safari, nenda Septemba. Panda tramu hadi mwisho wa taa, kisha urudi kwa miguu. Lala kwenye nyumba ya wageni inayoendeshwa na familia, nyuma ya barabara ya ufukweni, ili pesa yako ibaki mikononi mwa wenyeji.