Kukua Kiroho kwa Kumtegemea Mungu: Mada kwa Viongozi wa Jumuiya, Ubungo



Nimepewa mada ya kumtegemea Mungu katika kukua kiroho, na nikaombwa nisisahau sala, kufunga, Neno na ushirika. Wengine wetu huona hapa pana mgongano. Kama Mungu ndiye anayekuza, kufunga kwa nini? Na ukishafunga siku 21, yeye umemwachia kazi gani? Paulo hakuuona mgongano huo. Katika Wafilipi 2:12-13 anawahimiza waumini waushughulikie wokovu wao kwa hofu, na hapo hapo anawaambia kwamba hata hamu ya kufanya hivyo wametiwa na Mungu.

Sisi wa Barabara ya Morogoro hatuhitaji mfano wa mbali. Kusimama Kimara Mwisho alfajiri hakuleti basi la mwendokasi. Hilo tunalijua kwa uchungu. Lakini basi likifika, anayepanda ni aliyekuwapo kituoni. Nidhamu za kiroho ndiyo huko kuwapo kituoni, na hakuna abiria anayejisifu kwamba basi limekuja kwa sababu yake.

Farisayo wa Luka 18 ndiye aliyejisifu. Tukumbuke kwamba hakusema uongo. Alifunga kweli mara mbili kwa juma, zaka alitoa kweli. Kilichomharibia ni kuyahesabu hayo mbele za Mungu huku akimtupia jicho mtoza ushuru. Nasema hivi kwa sababu siku hizi nasikia watu wakisalimiana kwa mifungo: huyu yuko siku ya kumi, yule anafunga kavu, hata maji hagusi. Yesu aliagiza anayefunga anawe uso na kupaka kichwa mafuta, watu wasijue. Sisi tunaweka kwenye status.

Historia ya kwetu ina jambo la kutufundisha. Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi alikutana na daktari mmisionari Joe Church. Wote wawili walikuwa wamechoka na Ukristo mkavu. Walikaa siku mbili wakifuatilia katika Biblia habari za Roho Mtakatifu, wakasali. Hawakuitisha mkutano wa hadhara wala kutangaza muujiza. Miaka michache baadaye moto wa uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, ukavuka hadi Bukoba. Kutoka katika mazingira hayo ya Bukoba akatoka Askofu Josiah Kibira, ambaye Juni 1977, hapa hapa Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Uamsho ule ulilelewa na jambo dogo: vikundi vya ushirika vilivyokutana mara kwa mara, watu wakasoma, wakaungama dhambi zao kwa majina yake, wakarudisha walivyoiba, wakapatana na majirani. Walioanzisha walisema wazi kwamba wenyewe hawakuwa na uwezo wa kuanzisha chochote. Lakini hata humo, baadaye walitokea waliogeuza alama kuwa sheria, wakawapima ndugu zao kwa mavazi na kwa mikopo, na ushirika ukapasuka. Binadamu ni mwepisi kuhamisha tegemeo lake kutoka kwa Mungu kwenda kwenye utaratibu.

Upande wa pili kuna wasiotaka utaratibu wowote, wanaotaka mguso mmoja umalize yote. Tarehe 1 Februari 2020, Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia mafuta ya upako. Siwahukumu marehemu, shida zilizowapeleka pale zilikuwa za kweli. Ninalouliza ni sisi viongozi tuliwafundisha nini kuhusu kumngoja Mungu, hata ikaonekana kwamba kuchelewa dakika tano ni kuikosa baraka.

Sasa tuje kwa waumini wetu. Ratiba ya saa nzima ya utulivu kila alfajiri imetungwa na mtu asiyechemsha supu saa tisa usiku. Mama lishe aliyefuata abiria stendi ya Ubungo ilipohamia Mbezi mwaka 2021 hawezi ratiba hiyo, na kumwambia imani yake ni haba ni kumwonea. Mpeni zaburi moja, aisome moto ukishika, airudie akiosha vyombo. Kijana anayebanwa ndani ya basi hadi Kivukoni ana Biblia kwenye simu. Azime data kwanza, maana jumbe za makundi hazina huruma. Fungu dogo linalosomwa kila siku kwa kumwomba Mungu aseme lina afya kuliko mkesha wa mara moja unaofuatwa na miezi mitatu ya ukimya.

Kuhusu kufunga, someni Isaya 58 pamoja na wanajumuiya. Mungu anaukataa mfungo wa watu wanaowadhulumu vibarua wao siku hiyo hiyo. Kwa hiyo anayefunga huku hajamlipa dada wa kazi mshahara wa miezi miwili aanze kwa kulipa. Na fedha ya chakula cha mchana ambacho hakukila iende kwa jirani asiye nacho.

Ombi langu kwenu wenyeviti na makatibu wa jumuiya ni hili: msitangaze mfungo mwingine kabla hamjahakikisha kwamba kila mwanajumuiya ana mtu mmoja wa kusoma naye Neno na kuombeana naye kila juma. Anzeni kupanga majina Jumamosi hii, na wagonjwa wasiofika wawe wa kwanza kwenye orodha.