Hospitali Kwanza, Ndani ya Siku Tatu

 

Leo tuna jambo zito. Binti yako au jirani yako akibakwa, utaanzia wapi? Wengi huanzia kwa wazee, ikaanza hesabu ya faini. Kumbe saa zinakwenda.

Mama, anzia hospitali. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu. Za kuzuia mimba ni kabla ya saa 120. Asioge, wala msifue nguo zake. Zifungeni kwa gazeti, si kwa karatasi ya plastiki.

Usingoje barua ya polisi. Daktari atamtibu na kujaza fomu ya PRC. Kisha polisi watatoa fomu ya P3, nayo daktari ataijaza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Serikali ina hospitali, polisi na mahakama. Mashirika ya kijamii yana washauri, mawakili na nyumba za hifadhi. Piga simu 1195, au 116 kwa mtoto, uunganishwe nao. Ni bure.

Na mbuzi wa wazee? Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, wazee hawana uwezo wa kuifuta kesi hiyo.

Wiki hii, mwulize mhudumu wa afya wa kijiji chenu: dawa hizo ziko hospitali gani? Ulijue jibu kabla ya siku ya haja.

Kwaherini.