MAZUNGUMZO NA WAFUGAJI: MNYAMA MAHUTUTI ASIKIMBILIWE KWA KISU



Ng'ombe anapozidiwa, mwenyewe hukimbilia kisu ili kuiwahi nyama kabla haijawa mzoga. Haraka hiyo ni hatari. Mwaka 2007, Tanzania Bara, homa ya Bonde la Ufa iliua mifugo na watu. Baadhi yao waliambukizwa kwa kugusa damu ya wanyama wagonjwa.

Wafugaji wanahimizwa kukagua masikio ya ndama kila siku, kwani kupe wa masikioni huleta ndigana kali: matezi huvimba, homa hupanda, pumzi hubana.

Kifo kisichojulikana sababu kisifichwe. Mzoga usipasuliwe wala kuchunwa. Sheha na afisa wa mifugo waarifiwe siku hiyo hiyo. Khabari iliyowahi huokoa zizi la jirani.