Ugali Kidogo, Samaki na Mboga Tele

Popote ulipo, iwe umekaa sebuleni Milimani, unapanga bidhaa zako soko la Kibuye, au unatengeneza nyavu kule Dunga, ningependa tukae pamoja kwa dakika chache tuzungumze juu ya sahani yako.

Swali letu la leo ni hili: mtu aliyeambiwa na daktari apunguze wanga, je, ameaga raha ya kula? Wengi hujibu kwamba ndiyo. Mtu akirudi nyumbani kutoka kliniki na habari kwamba sukari yake imepanda, nyumba nzima huingia simanzi. Anapikiwa kivyake. Chakula chake hakina ladha, naye anakaa pembeni akiwatazama wenzake wanavyomega ugali. Baada ya wiki tatu amechoka. Anarudia sahani yake ya zamani, tena safari hii anaijaza zaidi. Sukari inapanda, macho yanaanza kufifia, miguu inakufa ganzi, na figo zinaumia polepole bila yeye kujua. Kwa hivyo, msikilizaji, suala la raha ya kula si dogo. Chakula kisichopendeza hakidumu, na lishe isiyodumu haimlindi mtu.

Kwanza tuelewane: wanga ni nini? Ni ile sehemu ya chakula inayopatikana kwa wingi katika ugali, wali, chapati, mkate, viazi, ndizi, uji na vyakula vingine vya nafaka na mizizi. Ukishakula, tumbo huuvunjavunja wanga kuwa glukosi, yaani sukari inayoingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayofungua mlango ili sukari hiyo iingie katika seli za mwili itumike kama nguvu. Kwa mtu mwenye kisukari cha aina ya pili, mlango huo ni mzito kufunguka, na mara nyingi insulini yenyewe haitoshi. Ukimletea wanga mwingi kwa mkupuo mmoja, sukari inabaki ikizunguka kwenye damu.

Sasa tupige hesabu ya nyumbani. Chukua familia ya watu watano wanaomaliza pakiti ya kilo 2 ya unga wa mahindi kwa siku moja, mchana na jioni. Kila mmoja amekula gramu 200 za unga katika kila mlo. Kila gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban gramu 75 za wanga. Kwa hivyo kila mtu amepata karibu gramu 150 za wanga katika mlo mmoja. Kijiko cha chai cha sukari kina gramu 4 hivi. Kwa uzito, wanga huo ni sawa na vijiko zaidi ya 35 vya sukari, na hatujahesabu chai wala soda. Hakuna aliyetia sukari kwenye ugali, lakini damu haijui tofauti hiyo.

Hebu sasa tulitazame neno letu, kitoweo. Sisi tunauita ugali chakula, na samaki na mboga tunaviita kitoweo, yaani vya kuusindikiza ugali. Ndiyo maana mlima wa ugali huja na kipande kimoja cha samaki na mboga vijiko viwili. Ushauri wangu leo ni tubadilishane zamu. Samaki na mboga ziwe ndizo chakula, na ugali uwe msindikizaji.

Kwa vitendo, igawe sahani yako kwa macho. Nusu nzima iwe mboga. Robo iwe samaki, nyama, kuku, mayai au maharagwe. Robo inayobaki ndiyo ya ugali au wali. Kwa ugali, kadiria kipande cha ukubwa wa ngumi yako. Kipande hicho kinatokana na unga wa gramu 70 hivi, na wanga wake ni kama gramu 50, yaani theluthi ya ule wa hesabu yetu ya kwanza. Ugali haujafukuzwa mezani.

Jambo lingine dogo lenye faida ni mpangilio wa kula. Anza na mboga na samaki, halafu umalizie na ugali. Utafiti umeonyesha kwamba mtu akila mboga na protini kabla ya wanga, sukari haipandi kwa kasi kama akianza na wanga. Ukimaliza, usikimbilie kiti. Tembea dakika 10 au 15. Mkaazi wa Milimani ana bahati ya barabara zenye miti na upepo wa ziwa jioni.

Msikilizaji, sisi tunaoishi kando ya ziwa hatuna sababu ya kula kwa huzuni. Samaki hana wanga. Ngege, mbuta, kamongo, mumi, wote hao unaweza kuwala bila kuigusa hesabu ya sukari. Mchemshe ngege kwa nyanya, vitunguu, dhania na ndimu, uone kama utaukumbuka ugali mkubwa. Omena ni hivyo hivyo: waoshe vizuri kwa maji ya uvuguvugu, wakaushe sufuriani, kisha uwape kitunguu na nyanya. Tahadhari ni mbili tu. Samaki anayeviringishwa kwenye unga kabla ya kukaangwa amevaa wanga. Na mafuta yaliyotumika kukaanga mara nyingi si rafiki wa moyo, wakati mwenye kisukari tayari moyo wake unahitaji ulinzi.

Upande wa mboga, Mungu ametupa tele. Tuna osuga, yaani mnavu. Tuna dek, boo la kunde, mlenda tunaouita apoth, mito, na mchicha. Sukuma wiki nayo ni njema, lakini usiifanye iwe mboga pekee unayoijua. Bibi zetu waliweka maziwa kwenye dek na osuga ili uchungu upungue, wakatia simsim au njugu zilizosagwa. Huo ndio upishi wa mtu anayepunguza wanga, nao ulikuwepo kabla ya mahindi kutawala sahani zetu. Mahindi asili yake ni bara la Amerika. Huku kwetu yalienea sana wakati wa ukoloni, yakasukuma kando mtama na wimbi.

Hapo naomba usinielewe vibaya. Wapo wanaosema ugali wa mtama au wimbi unaweza kuliwa bila kipimo kwa sababu ni wa rangi. Sivyo. Mtama, wimbi na unga wa mahindi yasiyokobolewa vina nyuzinyuzi zaidi, na hilo ni jema, lakini wanga umo ndani yake kwa wingi. Mhogo nao ni wanga. Hata unga wa rangi upimwe kwa ngumi ile ile. Asali pia ni sukari, na maji ya matunda hupandisha sukari upesi kuliko tunda lenyewe. Soda ya mililita 300 ina karibu vijiko 8 vya sukari. Na miwa ya Muhoroni ni mitamu, lakini inajulikana inapelekwa kiwandani kutengeneza nini.

Tuje kwenye kiamshakinywa, maana hapo ndipo wengi wa wafanyakazi wa ofisini huteleza. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari, mkate vipande vinne, saa nne mandazi mawili. Badala yake, kunywa chai ya maziwa bila sukari. Kama ulimi unakataa, punguza nusu kijiko kila wiki na utazoea. Kula mayai mawili na nyanya, au kipande cha ovakado. Ukitaka kipande cha nguache, chukua kidogo na uache mkate. Saa nne, kiganja cha njugu karanga kinatosha.

Mchana ukila kibandani, zungumza na mama anayepakua. Mwambie, "Mama, nipunguzie ugali, niongezee mboga." Hatakasirika. Mwenye kibanda anauza anachoombwa. Ukienda kwa wakwe au matangani, ambako kukataa chakula ni kama kumkataa mwenyeji, usikatae. Kubali sahani, anza na mboga na nyama, mega ugali kidogo, na ushukuru kwa moyo. Heshima haipimwi kwa ukubwa wa tonge.

Najua kuna msikilizaji anayesema, "Hayo ni ya watu wa Milimani, mimi unga ndio unaoshibisha watoto." Ni kweli, unga hushibisha kwa bei nafuu. Lakini omena, mayai, maharagwe na mboga za bustani havihitaji mshahara mkubwa. Maharagwe yana wanga kiasi, lakini yana protini na nyuzinyuzi zinazoyafanya yavunjike polepole. Panda osuga na kunde kwenye gunia kuukuu lenye udongo karibu na jikoni. Watoto wanaokua na wanaokimbia siku nzima wasinyimwe ugali wao. Anayepunguza ni yule aliyeshauriwa, lakini mboga na samaki viliwe na wote kutoka sufuria moja, ili asijione ametengwa.

Sasa, mpenzi msikilizaji, nisikilize kwa makini, maana hapa pana hatari. Kama unatumia insulini au vidonge kama glibenklamidi, usipunguze wanga ghafla bila kumwambia daktari. Dawa hizo zitaendelea kushusha sukari hata kama hukula, na sukari inaweza kushuka mno. Dalili ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, na kuchanganyikiwa. Ukiona hivyo, au kipimo kikisoma chini ya 4, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya sukari au nusu ya chupa ile ya soda. Subiri dakika 15 upime tena, kisha kula kitu. Mtu akizirai, usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Zipo pia dawa mpya zinazotoa sukari kupitia mkojo. Anayezitumia akiacha wanga kabisa anaweza kupata asidi nyingi katika damu, jambo la kuhatarisha maisha. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini hata siku moja. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa figo wapate ushauri wao maalum, kwani figo zilizoumia huenda zisiweze protini nyingi. Ushauri huo utaupata katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, au katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukienda, chukua daftari ulimoandika ulichokula na vipimo vyako. Litamsaidia daktari kupunguza dawa pale inapofaa.

Zamani, kabla ya insulini kutumiwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza kule Toronto, Kanada, mwaka 1922, madaktari hawakuwa na la kufanya ila kuwanyima wagonjwa chakula mpaka wakabaki mifupa. Sisi hatupo huko tena. Tuna dawa, tuna vipimo, na tuna ziwa lenye samaki. Tafiti za siku hizi zinaonyesha kwamba kupunguza wanga hushusha sukari vizuri katika miezi ya mwanzo, lakini faida hupungua kadiri muda unavyokwenda, na sababu moja kubwa ni kwamba watu huchoka wakaacha. Ndiyo maana leo nimesisitiza ladha. Mpishi wa nyumbani kwako, awe mama, baba au binti, ni mshirika wa daktari.

Basi jioni ya leo, kabla ya kupakua, weka mboga kwanza mpaka zijae nusu ya sahani. Fuatisha samaki. Nafasi itakayobaki ndiyo ya ugali. Ukiwa na swali, muulize muuguzi au mtaalamu wa lishe katika kituo chako. Kwa leo muda wetu umekwisha. Nakutakia mlo mwema wewe na jamaa zako. Kwaheri.